Sifa za Redio Inayoishia Tisini

Kila kitu kinachosumbua Bugarama, mji wetu wa machimbo, kimekwisha kupata mtetezi. Vumbi linatetewa na waosha magari. Karasha linalosaga mawe usiku kucha linatetewa na mwenye karasha. Hata kifusi kilichochenjuliwa mara mbili hakikosi mtu wa kukisemea kwamba bado kina kitu ndani. Aliyebaki yatima ni mmoja tu: redio iliyokuja na gari kutoka Japani, ile inayoanza 76 na kuishia 90. Leo naisimamia mimi, tena bila ujira.

Kesi yenyewe ni hii. Probox za mchomoko, yaani za kubeba abiria, zinazokimbizana kati ya Kahama, Kakola na Bugarama, Noah za kifamilia, IST za walimu, karibu zote zilitumika kwanza Japani. Tunazipenda kwa sababu Wajapani, kama sisi, hupita kushoto na usukani wao uko kulia. Kuhusu masafa ya redio hatukuulizana. FM yao ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, maana eneo la 90 hadi 108 walikuwa wameipa televisheni, chaneli ya kwanza mpaka ya tatu, na hawakuzima mitambo hiyo ya analojia hadi Julai 2011. FM yetu sisi inaanza 87.5 na kufika 108. Piga hesabu: katika megahezi zetu ishirini na nusu, redio hii inatuachia mbili na nusu. Wakosoaji wanauita huo ulemavu. Mimi nauita kiasi, na dini zote zinakisifu.

Waangalie Wamarekani wasio na kiasi. Wao walianzisha redio ya setilaiti kwa ajili ya magari: kampuni ya XM mwaka 2001, Sirius mwaka 2002, na mwaka 2008 zikaungana. Mtu ananunua kifaa, anabandika antena ya sumaku juu ya paa, analipa ada ya mwezi, kisha anakabidhiwa chaneli zaidi ya mia moja achague. Akimaliza kuchagua, amefika kazini. Bugarama mateso hayo hatuyajui. Kituo kimoja kikishika, hicho ndicho kipenzi chako. Viwili vikishika, unaanza kuitwa tajiri.

Wala msidhani bara letu halikuwahi kutongozwa. Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, aliunda WorldSpace mwaka 1990, na tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yao ya AfriStar ikarushwa ili Afrika nzima isikie redio safi kutoka angani. (Noah huyo alirusha setilaiti, Noah zetu zinarusha kokoto.) Nia ilikuwa njema, na kwa anga lake la wazi lisilo na ghorofa wala mlima, Bugarama ilikuwa uwanja unaofaa kuliko New York, ambako ilibidi kujenga minara ya kusaidia mawimbi yanayozuiwa na majengo. Lakini kifaa kilihitaji fedha, vipindi vingi vilihitaji ada, na antena yake ilitaka itulie ikiitazama setilaiti. Nani ameona antena ikitulia ndani ya mchomoko? Oktoba 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mteja wangu hajawahi kufilisika, kwa sababu hajawahi kumwahidi mtu chochote.

Tena anayesema Bugarama hatuna redio ya setilaiti amekosea. Zile deki za Kijapani zenye skrini zina kifaa ndani kinachosikiliza setilaiti za GPS, zilizo kilomita zipatazo 20,200 juu ya vichwa vyetu. Redio inajua tulipo kwa tofauti ya mita chache. Dosari ni ramani, kwa kuwa ndani yake kuna Japani peke yake. Mara nyingi basi utajiona kwenye skrini umeegesha Nagoya, au gari lako limeachwa katikati ya uwanja mtupu usio na njia hata moja. Kwa baadhi ya barabara za huku, wakati wa masika, uwanja mtupu ndiyo ramani sahihi kuliko zote. Kuna deki nyingine ambazo hata hapo hazifiki: kadi ya ramani ilichomolewa safarini, skrini imejaa maandishi ya Kijapani yanayodai irudishwe, na redio nayo imegoma kwa mshikamano.

Halafu kuna yule mama. Ukiwasha gari tu anasema kitu kwa Kijapani, kwa sauti ya adabu ambayo hutaisikia popote stendi. Abiria wana tafsiri zao. Mmoja anasema anatoa salamu. Mwingine anaapa kwamba anahimiza mikanda. Wa siti ya nyuma, mwenye uzoefu, anasema anaonya kuna trafiki mbele, na dereva anapunguza mwendo kwa heshima. Ukweli ni kwamba analalamika kuwa kadi ya kulipia barabara za mwendokasi za Japani haijaingizwa. Geti la kupokea kadi hiyo halipo Kahama wala Geita, na haliko njiani kuja. Lakini katika mji wa machimbo, ambako kila anayekuamkia asubuhi anakumbushia deni la kweli, ni raha iliyoje kuwa na mtu mmoja anayekudai kitu kisichokuwepo, bila kupandisha sauti, na asiyekufuata nyumbani!

Fadhila yake kubwa hata hivyo ni kimya. Redio ikikosa la kusema, abiria wanasema. Katika mchomoko uliobeba watu zaidi ya siti zake utakuta mama mwenye gunia la mchele wa Kahama, kijana anayetoka kuchimba duarani na matope kwenye viatu, mwalimu aliyehamishwa, na mzee aliyetulia mpaka gari lipite kijiji chake cha zamani ndipo aanze kueleza nani alikuwa na ng'ombe wangapi. Humo ndimo bei ya gramu inajadiliwa, mnunuzi mwenye mizani ya mashaka anatajwa, mchumba anachunguzwa ukoo. Rashi mpya ya dhahabu ikifumuka porini, habari huanzia siti ya nyuma kwa sauti ya chini. Redio ikija kuitangaza, maduara yameshapata wenyewe. Ungekuwa na chaneli mia moja za Marekani ungesikia hali ya foleni ya Chicago, na mgodi ungekupita umekaa nao bega kwa bega.

Sasa nije kwa mahasimu wa mteja wangu, yaani mafundi na dawa zao.

Dawa ya kwanza ni moduleta, kale kadude kanakochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kakasoma flashi au simu na kurusha muziki kwa FM hadi kwenye redio ya gari. Kwa kuwa redio yetu inaishia 90, wenye moduleta wote wamejibana kwenye zile megahezi mbili na nusu. Yapange magari kwenye foleni ya stendi uone. Dereva wa mbele ameweka mahubiri, wa nyuma ameweka singeli, wote kwenye 88.1, na gari la katikati linapokea toba na singeli kwa pamoja. Hakuna setilaiti iliyowahi kuunganisha jamii namna hiyo.

Dawa ya pili ni kikopo cha kushusha masafa, kinachokaa kati ya waya wa antena na deki. Kinapunguza kila kituo kwa kiasi maalumu, tuseme megahezi 16. Kituo cha 104 unakikuta 88, cha 96 unakikuta 80. Kuanzia siku hiyo skrini inasema uongo na dereva anajumlisha kichwani akiwa kwenye kona. Na vile vituo vya 88 na 89 ulivyokuwa unavisikia bure vimesukumwa hadi 72 na 73, nje kabisa ya redio. Umelipa fedha ili upoteze ulichokuwa nacho. Wachimbaji hawahitaji kufafanuliwa biashara ya aina hiyo.

Dawa ya tatu ndiyo hatari: deki mpya ya Kichina yenye skrini pana, Bluetooth, na FM inayofika 108. Hapa dashibodi inafunguliwa. Waya wa njano unatakiwa upate umeme wa betri muda wote, maana ndio unaotunza saa na vituo ulivyohifadhi. Mwekundu upate umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweusi uende kwenye bodi. Ni mambo matatu tu, lakini fundi mwenye haraka huwaoza wa njano na mwekundu. Akiwafungia kwenye umeme wa kudumu, deki inanyonya betri usiku kucha na alfajiri abiria wanasukuma gari walilolipia nauli. Akiwafungia kwenye swichi, kila ukizima gari deki inasahau vituo, saa na lugha, inaamka asubuhi ikiwa mgeni kabisa. Gari ulilolipeleka kwa tatizo la redio sasa lina tatizo la umeme.

Na baada ya gharama zote hizo unapata nini? Matangazo ya biashara, uchambuzi wa Simba na Yanga uliokwisha kuusikia kijiweni, na wimbo uleule kila saa. Mteja wangu alikuwa anakukinga na hayo yote, na kama ulihitaji redio kweli, ungebonyeza AM. Huko Wajapani wanapangilia masafa kwa hatua za kilohezi 9 kama sisi, na usiku mawimbi hayo husafiri mbali. Lakini nani siku hizi anabonyeza AM?

Basi wewe unayesubiri gari lako litoke bandarini Dar es Salaam, jiandae. Kabla hujamaliza kulipia ushuru, fundi atakuja na bisibisi na kuitukana redio yako mbele yako. Mkatalie kwa upole. Aking'ang'ania kwamba lazima afungue kitu, mpe shokapu. Kwa barabara zetu, hizo ndizo zenye haraka.