Kwenda Wanajua, Kurudi Hawajui

Msyuu! Mnaniuliza nasonya nini? Nasonya kwa sababu vijana wetu wanaoandika programu wamefundishwa kwenda, kurudi hawakufundishwa, na hakuna anayeona kwamba hapo pana kasoro.

Tazameni wanavyofanya kazi. Kijana yuko ndani ya Visual Studio Code, anasoma mstari unaoita fankisheni ya kukokotoa malipo. Anashika Ctrl na kubofya jina lake, au anabonyeza F12, papo hapo anatua pale fankisheni ilipoandikwa, faili jingine kabisa. Safi. Huko anakuta nayo inaita nyingine, anaifuata. Hiyo nayo inamtupa ndani ya maktaba iliyoandikwa na watu asiowajua. Sasa kaelewa alichokuwa anatafuta, anataka kurudi alikoanzia. Mateso ndiyo yanaanza! Anazungusha gurudumu la kipanya juu, chini, anafungua faili hili, anafunga lile, "ilikuwa wapi ile?" Akija kufika, wazo lililompeleka limeshayeyuka. Jamani!

Na dawa yake iko chini ya vidole. Kwenye Windows ni Alt na mshale wa kushoto: unarudi hatua moja, ukibonyeza tena hatua nyingine, mpaka mstari uleule ulioondokea. Mshale wa kulia unakupeleka mbele. Kwenye Mac ni Control na alama ya kutoa. Kwenye Linux ni Ctrl, Alt na alama ya kutoa, na hapo mnisikilize vizuri, maana watumiaji wa Ubuntu wanafuata video ya mtu wa Windows, wanabonyeza Alt na mshale, kimya, basi wanaamua kitu chenyewe hakifanyi kazi. Kinafanya! Android Studio ni Ctrl, Alt na mshale wa kushoto. Ila baadhi ya Linux zimeuchukua mchanganyiko huohuo kuhamia dawati jingine, na zimekuwapo kompyuta zenye programu ya Intel ambazo ukibonyeza hivyo kioo kizima kinalala ubavu. Likikukuta hilo usiache. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, chagua vitufe vingine.

Mtasema, mzee, hizo ni sekunde tu. Sekunde sizililii. Anayesoma programu ana mengi kichwani kwa wakati mmoja: thamani hii imetoka wapi, nani kaibadilisha, mbona hapa inafika tupu. Akianza kusaka alipokuwa, yote hayo yanamdondoka, na ni lazima ayaokote upya moja moja. Hapo ndipo siku ya kazi inapokwenda.

Kuna wanaodhani mambo haya yameletwa juzi. Mnh! Vim, programu ya kuhariri maandishi, ni ya mwaka 1991, na ndani yake Ctrl na O inakurudisha, Ctrl na I inakupeleka mbele. Inakukumbukia hadi mahali 100 uliporukia. Wala haihesabu kila hatua: ukishuka mstari mmoja mmoja haiandiki kitu, ukitafuta neno au ukienda mwisho wa faili inaandika. Huo ni ufikirivu wa hali ya juu. Halafu g na nukta-mkato inakupeleka ulipohariri mara ya mwisho, hata kama tangu hapo umezurura faili zima ukisoma. Mimi naipenda hii kuliko zote, kwa sababu pale ulipohariri ndipo kazi yako ilipo. Wa Visual Studio Code nao wanayo: Ctrl na K, kisha Ctrl na Q.

Tena msiniambie Vim ni ya watu wa mbali. Mtengenezaji wake, Bram Moolenaar, Mholanzi, alijitolea mwaka mzima wa 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, jirani na mpaka wetu wa Tanzania. Programu aliitoa bure, akawaomba watumiaji wawachangie watoto wale. Alifariki 2023. Andikeni :help uganda ndani ya Vim mkasome wenyewe. Wangapi hapa wameitumia miaka na hawajawahi kuangalia?

Lawama siwapi vijana. Nawapa wanaowafundisha. Kozi nzima mwanafunzi anaanza na faili tupu, anaandika mistari arobaini, anasahihishiwa, kwisha. Mistari arobaini yote inaonekana kwenye kioo kimoja, aruke aende wapi, arudi wapi? Kisha anapata kazi, anakabidhiwa mradi wenye mafaili mamia, walioandika nusu yake wameshahama, na siku ya kwanza anaambiwa tafuta hitilafu. Kazi ya kusoma ndiyo kubwa kuliko ya kuandika, na ndiyo hawakuonjeshwa. Leo mashine inaweza kukuandikia kurasa nzima kwa dakika, maana yake unasoma zaidi ya zamani, msimbo ambao hukuufikiria wewe.

Kwa hiyo mwalimu, nakuomba kwa dhati: wiki ya pili tu, chukua mradi mkubwa ulio wazi kwa umma, Django kwa mfano. Wape swali moja, anwani ya ukurasa inapoandikwa inafikaje kwenye fankisheni inayoijibu. Wafuate kwa F12, warudi kwa Alt na mshale, na kipanya kibaki kwenye begi.