Nimepokea

Jumanne iliyopita, saa moja na robo asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya geti la shule ya msingi hapa Guangzhou. Nimevaa kizibao chekundu kinachonibana makwapani, mkononi kibendera, mdomoni filimbi, nazuia pikipiki za umeme ili watoto wavuke. Mimi si trafiki. Mimi ni mtu wa mizigo: nakusanya vigae Foshan, mabegi Baiyun, napakia kontena, naituma Dar es Salaam. Mteja wangu mmoja wa Kariakoo, aliyeingia juzi kununua bidhaa, akapita na teksi, akashusha kioo, akanitazama kutoka kizibao hadi viatu.

"Kaka," akasema kwa huruma, "kumbe biashara imekuwa ngumu kiasi hiki?"

Taa ikawaka kijani kabla sijajieleza. Sasa najieleza hapa. Yote haya yameletwa na kutafuta shule ya bei nafuu.

Utotoni tulikuwa tukisikia ule msemo wa kutafuta elimu hata ikiwa China. Masheikh wanaoijua fani ya hadithi wanasema mapokezi yake ni dhaifu. Mimi sina ugomvi na mapokezi. Ugomvi wangu ni kwamba katika wote walionisimulia, hakuna aliyenitajia ada. Binti yangu alipokaribia miaka sita, nikajipiga kifua: wenzetu wanaambiwa wasafiri, sisi tuko China tayari, nauli tumeshaokoa. Nikaanza kuulizia.

Tukaanza na shule ya kimataifa, kwa sababu mke wangu aliona picha ya bwawa la kuogelea. Tulipokewa kwa chai, biskuti na tabasamu. Mama wa mapokezi akatueleza kwamba shule za aina hii zimewekwa kwa ajili ya watoto wa wageni; mtoto mwenye uraia wa China haruhusiwi kusoma hapo. Nikavimba kichwa kidogo. Miaka yote hii hapa mjini, hatimaye nimeoneshwa mlango ambao mimi naruhusiwa kupita na mwenye nchi haruhusiwi. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kampuni yangu inamlipia mtoto kiasi gani.

"Kampuni yangu ni mimi," nikamjibu.

Tabasamu likabaki palepale, ila macho yakaondoka. Akatusogezea karatasi ya ada: kama yuan 200,000 kwa mwaka. Kwa hela za nyumbani hiyo ni karibu shilingi milioni 70, kwa mtoto ambaye bado anavaa viatu kushoto kulia. Kwa hela hiyo napakia kontena mbili za vigae na chenji inabaki. Na shule yenyewe si ya kutisha kuliko zote. Kwenye miji mikubwa ya huku ziko zinazogusa 300,000. Bei hizo zimepangwa kwa watu wa ubalozi na wa makampuni makubwa, ambao ada kwao ni kama kodi ya nyumba ya serikali, wanaisikia tu. Niliinywa ile chai hadi tone la mwisho. Biskuti nilizitia mfukoni.

Tukashuka ngazi moja: shule binafsi za lugha mbili, Kichina asubuhi na Kiingereza mchana. Ada huko ni nafuu, ukiilinganisha na ile ya kwanza. Ukiilinganisha na mfuko wangu, ni ileile.

Rafiki yangu akanishauri mtoto asome shule ya nyumbani kwa njia ya mtandao. Wazo zuri, mpaka tulipokumbuka kwamba huku tuko mbele kwa saa tano. Darasa la Dar likianza saa mbili asubuhi, huku ni saa saba mchana. Wakitoka saa tisa na nusu alasiri, huku ni saa mbili na nusu usiku. Mtoto angekuwa analala hadi mchana na kusoma usiku, kama mlinzi wa ghala.

Mama yangu, kule Tanga, akatoa suluhisho lake: "Mlete huku. Shule za serikali hazina ada tangu 2016. Atakula ugali, atapata adabu." Wengi wetu hapa wamefanya hivyo, na siwalaumu, mtoto anakulia kwa bibi, baba anakuwa sauti ya simu na begi la zawadi kila mwisho wa mwaka. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akakunja nguo, akaipanga, kisha akasema, "Mimi sikuzaa mtoto wa kumlea kwenye simu." Mjadala ukafungwa.

Ikabaki shule ya serikali ya Wachina. Hapo ndipo penye unafuu wenyewe. Elimu ya lazima ya China ni miaka tisa, sita ya msingi na mitatu inayofuata, na mtoto wa kigeni anaweza kuingia iwapo makaratasi ya wazazi wake yamenyooka. Hilo "iwapo" ndilo lenye meno. Visa ya kuja kununua mzigo haitoshi. Wanataka kibali cha ukaazi, mkataba wa nyumba, karatasi ya kujiandikisha polisi, kitabu cha chanjo, na cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa kwa Kichina. Mtoto awe ametimiza miaka sita kufikia tarehe 31 Agosti. Na nyumba yako ndiyo inayoamua shule yako, ndiyo maana hapa chumba kichakavu karibu na shule nzuri kinaweza kuuzwa kama kasri. Mambo ya wageni nayo yanatofautiana: mji hadi mji, na mara nyingine shule hadi shule. Nilizunguka na bahasha miezi mitatu. Kila dirisha lilikuwa na adabu, na kila dirisha liliniambia imekosekana karatasi moja.

Tukapata. Tarehe 1 Septemba binti akaingia darasa la kwanza, amevaa trakisuti ya shule iliyomzidi saizi mbili, shingoni chupa ya maji ya moto. Gharama? Chakula, sare na vitu vidogo vidogo. Usiku ule nilimpigia mama simu kwa sauti ya mtu aliyepunguziwa bei Kariakoo bila kuomba.

Sikujua kwamba bili inakuja kwa njia nyingine.

Kwanza nikaingizwa kwenye kundi la wazazi la WeChat. Hapo, nakiri, nilijisikia nyumbani. Wachina nao humo hawajiiti kwa majina yao: kila mmoja ni mama fulani au baba fulani, kama mtaani kwetu. Na maneno yenyewe ni hayohayo, mama ni mama, baba ni baba. Nikasema lugha gani hii ngumu wanayoisema watu? Ugumu ulianza baada ya hapo.

Julai 2021 serikali ya China ilitoa agizo la kupunguza mzigo wa wanafunzi: darasa la kwanza na la pili wasipewe kazi ya kuandika nyumbani. Agizo jema sana. Lakini halikusema baba asipewe kazi. Kila jioni mtoto asome kwa sauti, mzazi arekodi video, airushe kundini. Mtoto aruke kamba, mzazi ahesabu. Mtoto apande mbegu ya maharage, mzazi aipige picha kila siku na kuripoti maendeleo ya haragwe. Kuna siku haragwe letu liligoma kuota, nikaenda sokoni usiku kutafuta lililoota.

Halafu Kichina chenyewe. Chukua neno moja tu, "tang". Ukilisema kwa sauti tambarare ni supu. Ukiipandisha sauti ni sukari. Ukiizamisha kisha ukaiibua ni kujilaza. Ukiishusha kwa kishindo ni kuunguza. Mimi mzaliwa wa Tanga nimeshindwa na tang. Jioni tukiwa tunasoma, binti ananishika kidevu, anakiinua taratibu ili sauti ipande nacho. "Tena, baba," ananiambia, kwa sauti ya mwalimu wake. Nikikosea mara ya tatu anageuka kwa mama yake na kusema kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "Hakusikiliza darasani."

Kwenye kundi, mwalimu akituma tangazo, kila mzazi hujibu neno moja: "shoudao". Maana yake nimepokea. Nililipenda neno hilo. Ni fupi, lina heshima, na halikutaki uelewe kitu. Mwalimu anatuma aya nzima, shoudao zinaanza kudondoka kama mvua kwenye bati, na mimi natia yangu katikati nisionekane. Nimepokea tangazo la chanjo, la kofia za kuogelea, la ukaguzi wa macho. Nimepokea tu.

Jumatatu ile usiku likaja tangazo refu. Nikaliweka kwenye programu ya kutafsiri, ikanitolea hivi: "Wazazi wapendwa, ulinzi wa maua kesho unangoja fulana." Nikaona ni shairi. Nikajibu shoudao, nikalala.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikaita. Maua, kumbe, ni watoto. Ulinzi ni zamu ya wazazi getini. Fulana ni kizibao, na kizibao kilikuwa kinaningoja mimi kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye orodha.

Pale getini babu mmoja, aliyemleta mjukuu kwa pikipiki, aliniinamishia kichwa kwa heshima. Watoto wakawa wanapita mmoja mmoja wakinisalimia, "Laoshi, zao!" Mwalimu, habari za asubuhi. Nikawaitikia kila mmoja kwa toni niliyoijua. Nikapiga hesabu zangu palepale, katikati ya filimbi. Shule ya ghali inakula hela ya mzazi. Ya nafuu inamla mzazi mwenyewe, kwanza jioni zake, halafu usingizi, halafu ulimi, na ikimaliza inamvika kizibao. Yule mama wa mapokezi mwenye biskuti angeniuzia amani kwa yuan 200,000. Sikuwa nazo, nalipa kwa mafungu.

Sasa hivi, ninapoandika haya, simu imelia tena. Tangazo jingine, refu kuliko lile. Safari hii sikuiamini programu. Nimempa binti asome. Amekunja uso, amepitisha kidole mstari kwa mstari. Herufi nyingi bado hajafundishwa. Ameniambia amezitambua mbili tu: "baba" na "kesho".

Darasa lina watoto 45. Wazazi 44 wameshajibu.