Uwanja Usio na Nyasi za Kukata
Uwanja bora wa gofu ni ule ambao haujajengwa, na ushahidi upo. Alister MacKenzie, daktari aliyeacha dawa akashika ramani za viwanja, alihubiri hadi kufa kwake mwaka 1934 kwamba kazi ya binadamu uwanjani isitofautike na ya maumbile. Mashimo yake ya mchanga aliyachanachana kingo kana kwamba upepo ndio uliozitafuna, na ujanja huohuo aliutumia kuficha mahandaki vitani. Warithi wa imani hiyo, wabunifu Bill Coore na Ben Crenshaw, wamempita huko Coul Links, pwani ya kaskazini mwa Uskoti: uwanja wao haukutofautika na maumbile hata chembe, maana mwaka 2020 serikali iliukatalia kibali ili kulinda matuta ya mchanga ya pale. Matuta yale yana inzi mdogo asiyejulikana kuishi kwingine duniani ila kipande hicho cha pwani.

Mtauliza, na ajira je? Swali la haki. Vijana wa huko wanahama kweli. Ila ni ajabu jinsi huruma kwa vijana inavyodai mashimo kumi na manane, tena yatazame bahari. Inzi, masikini, hata fimbo hana.