Barua ya wazi kwa Mamlaka Husika: Peugeot langu na barabara yako

Kwa: Mamlaka Husika,
Popote ulipo.

YAH: GARI KUVUTA KUSHOTO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nakuandikia hadharani kwa sababu nimeitafuta ofisi yako na sanduku lako la posta nikavikosa vyote. Najua upo, maana kila ajali ikitokea na kila kalavati likizolewa na mvua, redio inatangaza kwamba wananchi wameiomba mamlaka husika ichukue hatua. Nami naomba nipange foleni.

Mimi ni mkazi wa Mwanza, mmiliki wa Peugeot 504 la miaka ya sabini, ukoo uleule ulioshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Siku hizi, nikilegeza mkono kidogo kwenye usukani katika barabara ya Nyerere, kuanzia Mabatini kwenda Igoma, linahama kushoto taratibu mpaka bodaboda wanaanza kutafuta pa kukimbilia. Kijiweni wameshatoa tafsiri yao: gari ni la enzi za Azimio la Arusha, limezoea mrengo huo, na Azimio la Zanzibar la 1991 halikupelekewa nakala. Afande mmoja aliyenisimamisha alikuwa na jibu fupi zaidi. Hakuinama hata kutazama tairi. "Uzembe wa dereva," akasema, kalamu ikiwa tayari mkononi.

Fundi wangu hajawahi kuhudhuria semina elekezi hata moja. Pengine ndiyo maana alifanya kazi kutwa nzima kabla ya kumtaja mwenye kosa.

Alianza na upepo, kwa kuwa upepo ni bei rahisi na tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake. Geji ikasema sawa. Akabadilisha matairi ya mbele, la kushoto likaenda kulia na la kulia likaja kushoto. Gari lingegeuka na kuvuta kulia, tairi lingekuwa limejishtaki lenyewe, na isingekuwa ajabu, maana matairi yetu mengi ni ya mtumba na kila moja limezeekea barabara za kwao. Gari likaendelea kushoto. Akanituma mpaka Buzuruga na kurudi, akinisihi nisikanyage breki bila sababu. Niliporudi alipitisha kiganja karibu na kila rimu, akachovya kidole kwenye kopo la maji na kudondoshea tone moja moja. Breki iliyong'ang'ania hujitangaza kwa joto: tone hulia chwaa na kupotea. Hapo ndipo hutafutwa pistoni iliyoshika kutu, au mpira wa breki uliovimba kwa ndani, ule unaoruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Mpira wa aina hiyo, Mamlaka, nadhani unaufahamu. Kodi zetu hupitia humohumo.

Rimu zote nne zilikuwa vuguvugu tu.

Akaingia uvunguni na tochi ya simu mdomoni. Bushi, boljointi, beringi, vyote akavitikisa kwa mtaimbo. Gereji moja yenye kompyuta ilikuwa imeshanishawishi nipime alaimenti, lakini yeye alicheka: tairodi zikipishana, usukani hukaa upande na matairi huliwa, ila gari lenyewe huenda mbele. Pembe nyingine za magurudumu ya mbele ya 504, kiwanda hakikuziwekea nati ya kurekebisha. Zikipinda, kuna shimo lililozipindisha. Akavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande, akapima, akanyanyuka na kujifuta mikono.

"Mzee, gari lako zima. Sasa tupime barabara."

Hapo ndipo matibabu yalipokwama.

Barabara, kama wahandisi wako wanavyojua, hupewa mgongo katikati ili maji yaende mtaroni. Mteremko wake ni wa karibu sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, kila gari la nchi hii lina sababu halali ya kuegemea kushoto kidogo, na hilo halina wa kulaumiwa. Lakini ukingo ukishazama kwa uzito wa malori, kiraka kikapigwa juu ya kiraka, na mtaro ukajaa mchanga ulioporomoka na mvua toka milimani, mgongo huo hauwi mgongo tena bali kibyongo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inanidai mimi gari lisilo na kasoro. Kifungu cha kulitoza shimo faini sijakiona.

Ili tujue kinachovuta ni gari au ni barabara, tunahitaji kipande kilichonyooka, kisicho na mteremko wala kiraka. Mwanza? Mji uliokaa juu ya majabali! Ukitoka kwa barabara ya Kenyatta kwenda Nyegezi ni kona na milima. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina kilomita 3 za lami safi, nami nalishukuru kwa dhati. Ila upepo wa ziwani hulisukuma gari ubavuni, na mke wangu amekataa katakata kipimo chochote cha kuachia usukani juu ya Ziwa Victoria.

Fundi amependekeza njia ya mwisho. Tuvuke daraja, tupite Geita, tutokee Rusumo, tuingie Rwanda. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo mteremko nao uko kulia. Gari likivuta kulia, mshtakiwa ni barabara. Likishikilia kushoto hata kule, nitakuomba radhi mbele ya hadhara. Yaani mkazi wa Mwanza anahitaji hati ya kusafiria ili ajue kama gari lake ni bovu!

Sikuombi barabara mpya. Najua upembuzi yakinifu unaendelea, mchakato uko hatua nzuri, na wataalamu wako uwandani, ingawa uwanda wenyewe ndio ninaoutafuta. Naomba mita 500 tu, popote kati ya Igoma na Buhongwa. Na safari ijayo, kabla taarifa ya ajali haijaandika "uzembe wa dereva", naomba mtu mmoja ainame akague na lami.

Siku upange wewe. Mimi nitakuja na gari, fundi, geji na uzi. Wewe njoo na pima maji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye Peugeot, Mwanza.