Maombi ya Kibali cha Kumwigiza Mwalimu

Kwa Katibu Mtendaji,
Bodi ya Filamu Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: KUMRUHUSU MWALIMU NYERERE APANDE JUKWAANI BAGAMOYO

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Sisi ni wapenzi wa maigizo wa Bagamoyo, mji unaofundisha sanaa tangu 1981, TaSUBa ikiwa bado inaitwa Chuo cha Sanaa. Tunataka kumwigiza Baba wa Taifa tarehe 14 Oktoba. Suti ya Chou En-lai imeshapigwa pasi, kifimbo kipo, na wa kuiga sauti hawakosekani: nchi hii ina msanii aliyeiga mpaka jina la Nyerere likamganda. Kinachotushinda ni maneno ya kumpa.

Tulianza na Azimio la Arusha, 1967. Makada wa CCM waliokuja kutazama mazoezi walishangilia hadi tulipofika kwenye miiko: kiongozi asiwe na hisa, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ukumbi ukapoa. Tukakumbushwa kwa upole kwamba hayo yalishazikwa Zanzibar mwaka 1991, na makaburi hayafukuliwi ovyo. Tukaleta matembezi ya Mwalimu ya mwaka ule ule wa Azimio, kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Wakauliza shangingi lake litapita upande gani wa jukwaa.

Tukahamia 1995, Mwalimu anahesabu nyufa za taifa na kutangaza kuwa CCM si mama yake. Sasa wapinzani wakasimama kwa vifijo. Tulipowaonyesha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 na chama kimoja cha 1965, wakasema mwigizaji wetu hafanani naye. Wenye hamu ya serikali tatu walivumilia mpaka 1993, Mwalimu alipolipinga kundi la wabunge la G55, wakaaga kwamba wanawahi daladala. Na Dodoma, Julai 1995, Mkapa anapomshinda Kikwete kwenye kura za uteuzi wa CCM, wazee walitushauri tupapite harakaharaka. Msoga, kijijini kwa Kikwete, si mbali na hapa.

Wote wanamwita Baba. Warithi wa kifimbo wamejaa. Wa kurithi madeni hajajitokeza hata mmoja. Mwenyewe aliyajua haya: alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ambamo maiti ya Kaizari inageuzwa jukwaa la siasa.

Tunatambua kwamba tunawajibika kwenu kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, iliyotungwa yeye akiwa Ikulu. Ni haki naye apange foleni. Ili kuwapunguzia kazi, tunapendekeza:

(a) Mwalimu aingie, apunge kifimbo, acheke kile kicheko chake, asitamke neno.

(b) Amani na umoja visomwe na mshereheshaji, bila kutaja mwaka.

(c) Kila chama kipewe dakika tano za kueleza kwamba ukimya ule ulikuwa unakiunga mkono.

Mkiona hata kicheko chake kina uchochezi, tutaweka kiti kitupu na kifimbo juu yake. Tuna hakika vyama vyote vitafika kupiga picha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Waigizaji wa Bagamoyo

Nakala: Vyama vyote vya siasa (kwa taarifa, si kwa kugombania)