Mhadhara juu ya Chui wa Maktabani

Mabibi na mabwana, na nyinyi watoto mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha:

Baada ya kutanguliza heshima mnazostahili nyinyi, na zile ninazostahili mimi ambazo mwenyekiti wa kikao amesahau kuzitaja, naona ni faradhi juu yangu kuwafunulia elimu ambayo hapana chuo kilichonitunukia shahada yake, kwa kuwa hapana chuo chenye mwalimu awezaye kunitahini: elimu ya kupata ilhamu kutoka katika picha iliyotundikwa maktabani.

Picha yenyewe ni hii iliyo juu ya kabati la magazeti, ya chui wa manjano chini ya mbuyu, iliyochorwa kwa mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama juu ya vipande vya ubao mwembamba wa mraba, kila upande kiasi cha futi 2, kwa rangi ya kung'aa ile ipakwayo baiskeli. Wasiojua husema aliitumia kwa sababu ndiyo iliyopatikana madukani kwa bei nafuu. Rangi ya baiskeli, mabwana, ni ishara ya mwendo; na ndiyo maana chui huyu, ijapokuwa hajasogea tangu msumari wake ulipopigiliwa, hunichosha mimi niliyeketi.

Tingatinga alifariki mwaka 1972. Yaani alichora miaka 4 tu, akaacha wanafunzi na mtindo uitwao kwa jina lake mpaka leo. Namhurumia kwa pupa hiyo. Mimi nimeketi mbele ya picha hii mwaka wa 6 sasa, kila siku ila Jumapili, wala sijashawishika kuanza.

Kanuni zangu ni tatu. Kwanza, mwenye kutafuta ilhamu asisome kitabu, maana vitabu vina maneno ya watu wengine, na maktaba, ikichunguzwa kwa makini, imejaa vitabu vya namna hiyo. Pili, achague kiti cha dirishani penye upepo wa bahari, afumbe macho, amwache chui ajieleze. Na akisikia mkoromo asiudharau, kwani aghalabu huo ndio mngurumo wa chui mwenyewe. Tatu, awe na daftari. Langu ni hili, lenye jalada gumu: ukurasa wa kwanza una anwani ya diwani yangu, iliyopigiwa mistari mitatu kwa wino wa rangi tatu, kurasa 199 zilizosalia nimeziacha nyeupe kwa taadhima.

Lakini fadhila haikosi mahasidi. Juma lililopita mtoto mmoja wa darasa la nne, aliyeingia kujikinga mvua, alilala kifudifudi hapo sakafuni, akatoa kipande cha penseli kisichozidi kidole gumba, akaanza kumwiga chui huyu nyuma ya karatasi yake ya hesabu. Nilimwonya kwa upole kwamba hajatimiza hata kanuni moja. Akanijibu, "Shikamoo, babu," akaendelea. Kitambo kikapita, akainua uso, akaniuliza: "Babu, huyu ndege mwekundu aliyetua mkiani mwa chui, mdomo wake umefumba au u wazi?"

Mabibi na mabwana, nilitazama. Ndege alikuwapo.

Wenye haraka wangekata shauri kwamba alikuwapo tangu siku ya kwanza. Mimi, baada ya kutaamali siku tatu, nimethibitisha kwamba ndege huyo alitua majuzi tu, kwa kuvutwa na utulivu wa kikao changu, na mtoto alibahatika kumwona kabla sijamtangaza. Hata hivyo mkutubi, bila kunishauri, ameibandika karatasi ya mtoto kando ya picha kwa pini moja: chui, mbuyu, na ndege mwenye mdomo wazi, na upepo ukiipeperusha, huonekana nyuma yake hesabu za kugawanya, mbili zikiwa na kosa.

Basi hapa natia nanga. Maswali sitapokea, hasa yatokayo sakafuni. Na wewe mjukuu wangu uliye hapo mbele, ambaye naona penseli yako imeanza kunielekea mimi: mdomo wangu, tafadhali, uuchore umefumba.