Itakubali Tu, Bosi

Majirani zangu wa Ngaramtoni waliamini kwa muda mrefu kwamba mimi ni mtu wa salamu nyingi. Kila nilipopita na Landrova mikono yangu haikutulia: kushoto, kulia, kushoto tena. Wazee walinijibu kwa kuinua fimbo, watoto wakapunga, na mama mmoja wa genge akaanza kuniita mchungaji. Kumbe nilikuwa nahangaika tu kulifanya gari liende mbele kwenye lami iliyonyooka.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, toleo lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Sina haja ya kujitetea kwa nini ninalo. Mkazi wa Arusha haulizwi swali hilo. Oktoba 2024 mji huu ulifanya tamasha la Landrova, barabara zikajaa magari ya kila umri, na sisi wenye mikweche tukatembea vifua mbele kana kwamba tuliyaunda wenyewe. Ila la kwangu lina jambo moja la kulitofautisha: ujana wake wote liliishi Tanga, karibu na bahari. Kumbukeni hilo la bahari.

Usukani wa 109 hauna msaada wa haidroliki. Nguvu ni ya mabega yako, basi. Na kati ya mabega hayo na magurudumu kuna safari ndefu. Shafti ya usukani inaingia kwenye stelingi boksi. Boksi linasukuma mkono wa chuma. Mkono unasukuma rodi inayokwenda mbele hadi kwenye rilei, ambayo si ile ya umeme bali ni mhimili uliosimamishwa ndani ya chesisi, nyuma ya bampa. Rilei inageuza mkono wake wa chini. Mkono huo unasukuma rodi ya pili hadi gurudumu. Na gurudumu linamvuta mwenzake kwa rodi ya tatu. Kila rodi ina tairodi endi mbili, jumla sita. Sasa kila kiungo kikilegea hata kwa unene wa ukucha, agizo lako linasafiri kama barua ya kuomba likizo ofisini: inapokewa, inagongwa muhuri, inasubiri mwenye meza arudi kutoka chai, na ikimfikia mhusika, likizo imeshapita. Kwa upande wangu kilichokuwa kimepita ni kona.

Siku moja trafiki alinisimamisha nikirudi kutoka Longido.

"Mzee, umekunywa?"

"Mimi sinywi, afande. Anayekunywa ni gari."

Hakucheka. Akapitisha mkono dirishani, akashika usukani, akauzungusha taratibu huku macho yake yako kwenye tairi la mbele. Akazungusha tena.

"Mbona tairi haligeuki?"

"Linakuja, afande."

Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, naye alikuwa na haki ya kuandika zaidi ya moja. Alinitazama, akalitazama gari, akaniambia niende moja kwa moja gereji. Nilikwenda. Sikuahidi lile la moja kwa moja.

Habari za gereji hazifichiki, na kabla gari halijainuliwa ushauri ulikuwa umeshafika nyumbani. Shemeji yangu, ambaye gari lake ni la kubonyeza vitufe, alisema nifunge pawa stelingi, kuna mtu anazo za kutoa kwenye magari mengine. Nilimsikiliza kwa heshima kwa sababu ya dada yake. Lakini pawa stelingi inataka pampu kwenye injini, mkanda wa kuizungusha, mipira ya mafuta, boksi jipya, na mara nyingi kukata na kuchomelea chesisi ya mbele ili boksi hilo likae. Ukimaliza yote hayo, nguvu mpya inasukuma viungo vilevile vilivyolegea. Dereva mstaafu wa jirani alileta dawa ya bei nafuu: shokapu ya usukani, ile inayolazwa kati ya rodi na ekseli. Ni kifaa kizuri kwenye gari zima. Kwenye gari bovu kinanyamazisha mtetemeko bila kugusa kinachotetemesha, na unakuja kugundua ukweli siku ambayo usingependa kuugundua.

Fundi alifanya kipimo cha kale, ambacho hakuna mashine iliyokizidi. Kijana wake alikaa kwenye usukani akiuchezesha kushoto na kulia, kidogo kidogo, magurudumu yakiwa chini. Fundi alilala uvunguni na kushika kiungo kimoja baada ya kingine. Kiungo kizima husogea pamoja na jirani yake. Kilichokufa, upande mmoja unakwenda na mwingine unabaki, na kidole kinahisi kabla ya jicho. Alitoka huko na vumbi kwenye nyusi.

"Tairodi endi, bosi. Tunabadilisha mbili tu, unaondoka."

Duka la spea lilikuwa na kila kitu isipokuwa jibu. Nikauliza kama wana tairodi endi za 109.

"Zipo orijino, zipo za kawaida, na zipo za kutoa kwenye gari."

"Orijino bei gani?" Akataja. Nikashika kaunta. "Na ya kawaida?"

"Hiyo nayo ni orijino, kaka. Ila ya kawaida."

Nikanunua za kawaida, na muuzaji akazifunga kwenye gazeti kwa upole mkubwa. Kuna siri ya rodi hizi ambayo muuzaji alipaswa kuijua: mwisho mmoja una nyuzi za kulia, mwingine nyuzi za kushoto. Ndivyo zilivyobuniwa, ili ukizungusha bomba la katikati, rodi irefuke au ifupike pande zote mbili kwa pamoja, bila kuchomoa kiungo chochote. Mimi niliomba ya kulia moja na ya kushoto moja. Gazeti lilikuwa na mbili za kulia.

Kijana wa fundi aliiweka ile ya kwanza, ikaingia. Ya pili ikashika kidogo, ikagoma.

"Itakubali tu, bosi," akaniambia.

Ninaomba msomaji anayemiliki chombo chochote cha moto alikariri neno hilo, kwa sababu ndilo ghali kuliko yote yanayosemwa gereji. Kijana akaongeza spana, akaongeza bomba kwenye spana, akaongeza mwenzake kwenye bomba. Chuma kikaanza kulia. Mzee mmoja wa gereji ya pili, aliyekuwa akinywa uji huku akitutazama, akaweka kikombe chini, akaja, akaichukua tairodi endi, akaisogeza karibu na macho, akamrudishia kijana bila neno. Kisha akaenda kumalizia uji.

Dukani nikaoneshwa tangazo ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Ya kushoto ilitoka Kirinyaga Road, Nairobi, mtaa ambao wazee wa huko bado wanauita Grogan. Ikavuka Namanga kwa basi, imeviringishwa kwenye fulana.

Kuzitoa zile za zamani nako kulikuwa na elimu yake. Pini ya tairodi endi ni nyembamba chini, nene juu, na imekaa kwenye tundu lake tangu enzi za Mwalimu. Kijana alianza kwa kuigonga kwa chini, kwenye nyuzi, mpaka nati ikawa haina pa kurudi. Mzee wa uji akaja tena. Safari hii alikuja na nyundo mbili. Moja akaiegemeza ubavuni mwa sikio la chuma linaloshika pini, nyingine akapiga upande wa pili. Hakupiga kwa nguvu. Kutu ikaanza kumwagika kama unga wa ulezi. Sauti ikawa nzito, nzito, nzito, halafu ghafla ikawa nyepesi, ikalia kengele, na pini ikaachia yenyewe.

Basi tukafunga mpya, tukatoka barabarani, na gari likawa baya kuliko mwanzo.

Sikuwa naota. Fundi mwenyewe alishika usukani, akarudi kimya. Jambo ni hili: plei ya usukani haina mwenyewe mmoja. Viungo vyote vilikuwa vimegawana ule ulegevu kwa miaka, kila kimoja na fungu lake, na vilizoeana. Ukikaza viwili, msukumo ambao zamani ulipotelea humo sasa unafika mzimamzima kwa yule aliye dhaifu zaidi. Kwetu aliyekuwa dhaifu zaidi alikuwa rilei.

Sasa tunarudi Tanga. Rilei ya Series imechomekwa ndani ya mhimili wa mbele wa chesisi, na kwenye gari lililolala pwani hakuna mpaka kati ya rilei na chesisi, chumvi imeviunganisha. Tulimimina dizeli, tukaiacha ilale. Kesho yake wakaweka jeki chini yake, jeki ikanyanyua gari zima mpaka magurudumu ya mbele yakaelea, na rilei haijasogea. Wakapiga nyundo ya mawe. Gereji nzima ikahamia kwetu, pamoja na wateja. Ilipoachia, gari lilianguka kwa kishindo na watu wakashangilia kana kwamba timu yao imesawazisha.

Kumbe kazi yenye hatari ilikuwa bado. Ndani ya rilei kuna springi yenye nguvu, na springi hiyo inakaza bushi nne za vipande, za rangi ya kahawia, zilizotengenezwa kwa kitambaa kilichogandishwa kwa gundi. Shafti ikivutwa bila kuzifunga, hakuna kinachozizuia kuondoka. Kijana akavuta shafti. Tulisikia mlio mmoja, tukaona mafuta hewani, halafu kila mtu akajipapasa mwilini. Vipande vitatu tuliviokota. Cha nne kililetwa na mama lishe wa ng'ambo ya barabara, amekishika kwa kijiko cha maharage.

"Fundi," akasema, "kama hili ndilo deni la wiki jana, mimi napokea fedha taslimu."

Mzee wa uji alifika akiwa na klipu ya mpira wa rejeta. Inazungushwa kwenye bushi kadiri zinavyochomoza, inakazwa, hazirukii popote. Tulimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba hakuulizwa.

Rilei ikajazwa bushi mpya na mafuta, maana ilikuwa kavu, na kukauka ndiko kulikoiua. Zile tairodi endi nne zilizobaki nazo zikabadilishwa, kwa nguvu ya uzoefu na udhaifu wa mfuko. Zikabaki kingi pini, ambazo huwekewa vibati vyembamba kupunguza au kuongeza mkazo. Mkazo huo hupimwa kwa mizani ya springi: unainasa kwenye mkono wa usukani, unavuta, unasoma kilo gurudumu likishaanza kugeuka. Kitabu cha Land Rover kinasema hivyo hivyo. Gereji yetu ilikuwa na kitabu, haikuwa na mizani, basi ikaazimwa buchani. Muda si mrefu mwenye bucha akatufuata, aproni na damu zake.

"Mnapima nini?"

"Usukani."

Akatazama gurudumu lililokuwa likining'inia, akafikiri kidogo. "Na mnauza kilo bei gani?"

Mwisho ni kunyoosha magurudumu. Kwa Series, tairi za mbele zinatakiwa zielekeane ndani kwa mbele, tofauti ikiwa kati ya milimita 1.2 na 2.4. Fundi alitumia futi kamba na mstari wa chaki, na mstari wenyewe ulikuwa na milimita tatu. Nikataja jambo hilo kwa adabu. Akachonga chaki kwa wembe, tukapima upya, na ninakiri kwamba sijaona tairi likiliwa upande tangu siku ile.

Gari sasa linakwenda linakoambiwa. Limesimama, usukani bado ni mzito, na mzito utabaki. 109 hugeuzwa ikiwa inatembea, hata kama ni mwendo wa konokono. Mtaani wanasema nimeanza kuringa, siku hizi napita sisalimii mtu.

Ukitaka kununua gari la aina hii, acha rangi na acha redio. Mweke mtu kwenye usukani auchezeshe, wewe lala uvunguni na ushike viungo vyote, ukianza na rilei, na ukiikuta kavu punguza bei hapohapo. Ukikuta vitatu vimelegea, hesabu vyote, nunua vyote pamoja, na uulize gari limekaa mji gani. Mimi natafuta tairodi endi mbili za nyuzi za kushoto ziwe akiba. Mwenye nazo, awe Moshi, Nairobi au Dar, naomba bei. Nitakuja na ya zamani mfukoni ili tufananishe nyuzi kwanza, na tafadhali, mtu asiniambie itakubali.